Masinia ya Idi Mbele ya Halmashauri

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Koboko! Asifiwe na ninyi mliotoka Midia kwa miguu, na ninyi mliochagua viti vya karibu na mlango ili mtoke mapema nikirefusha maneno. Nawaona. Mchungaji ameniomba niwe mfupi, na alipokuwa akisema hivyo alinitazama kwa huruma, maana ananijua: mimi ni mtu ambaye sentensi zake huzaa. Lakini leo sikuja na mawazo. Nimekuja na habari ya jambo ambalo Mungu alilitenda katika mji wa Arua, mchana kweupe, mbele ya watu wa kodi, kwa mikono ya wanawake wenye masinia.

Wengi wenu mlimjua baba yangu, Sajenti Lemi wa Midia. Alilitumikia jeshi la Mwingereza mpaka magoti yake yakawa yanalia kuliko buti. Alipopewa malipo yake ya kustaafu, wenzake walinunua ng'ombe na kuoa tena. Yeye alikwenda Arua, akaomba kiwanja, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye kibaraza cha saruji kinachotazama barabara. Watu wakamcheka kwamba Sajenti ameoa nyumba. Akawajibu kuwa huyu walau hatakasirika na kurudi kwa wazazi wake.

Nyumba hiyo aliipangisha kwa Mhindi mmoja mwoka mikate, na huyo mpangaji akajenga nyuma yake tanuri kubwa la matofali, lenye mgongo kama wa kiboko aliyelala. Kodi ya pango ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu Kampala. Kwa hiyo, ndugu zangu, elimu yangu yote ilipikwa katika tanuri lile. Kama haikuiva vizuri, tanuri halina lawama.

Huko chuoni nilisoma uchumi. Sikieni jambo hili msije mkafikiri Mungu hana ucheshi: katika mwaka wangu wa mwisho niliandika insha ndefu kuhusu kodi za majengo katika miji midogo, nikaeleza kwa ujasiri jinsi zinavyopaswa kutozwa bila kuwaonea watu. Mwalimu wangu aliisifu. Sikujua kwamba kodi zenyewe zingekuja kunitafuta nyumbani.

Mwaka wa sabini na mbili mpangaji wetu akaondoka pamoja na Wahindi wengine waliofukuzwa nchini. Mambo hayo mnayajua, nami ninayapita taratibu kama mtu anavyopita penye nyuki. Siku ya kuondoka alinikabidhi koleo la mti la kuingizia mikate, lenye mpini mrefu kuliko mimi, akaniambia neno moja: nisiliache tanuri likapoa kabisa, kwa sababu tanuri likipoa halafu likawashwa kwa pupa, hupasuka. Baba alikuwa bado hai. Aliketi kibarazani akiwa ameyakunjua magoti yake mabovu, akaniambia, "Nyumba hii ndiyo miaka yangu yote. Usiitoe mkononi." Kabla mwaka haujaisha tulimzika Midia, na mimi nikawa mwoka mikate.

Ndugu zangu, mikate yangu ya kwanza haikuwa mikate. Unga wa ngano ulikuwa haupatikani, nami nikauchanganya na unga wa mihogo kwa hesabu nilizoziamini sana. Mafundi ujenzi wa Arua wakaanza kuniuliza kama nauza kwa mkate mmoja mmoja au kwa tripu ya lori. Jina la Profesa nililipata wiki hiyo, na halikuwa jina la heshima. Aliyeniokoa ni mke wangu Driciru, binti wa kijiji cha Dadamu, ambaye amekulia kwenye mihogo na anaijua tabia yake. Alitupa hesabu zangu, akawa anachachusha unga wa mihogo kwanza, akaupumzisha, kisha ndipo akautia ngano kidogo. Mkate ukaumuka. Mpaka leo watu wa Arua husema mkate wa Driciru, ingawa jina lililoandikwa mbele ya duka ni langu.

Driciru huyo ndiye aliyeanzisha jambo la masinia. Tanuri la matofali, mikate ikishatoka asubuhi, hubaki na moto mzuri mpaka mchana. Mhindi wetu alikuwa akiwatoza majirani kidogo kwa kutumia moto huo. Driciru aliacha kutoza. Akawa anaacha mlango wa nyuma wazi, na wanawake wa mtaa wanaleta chao: Wanubi, Waislamu wa mtaa wetu, wanaleta biskuti na mikate yao, wake wa askari wanaleta karanga za kukaanga, mama zetu wa kanisa wanaleta keki ya harusi, na wakati wa mvua hata samaki mbichi waliletwa wakaushwe, mpaka mikate yetu ya kesho yake ikanukia ziwa. Kila mmoja alifunga kitambaa chake kwenye sinia ili yasichanganyike. Ukipita nyuma ya nyumba ungedhani kuna bendera za mataifa.

Nilimweleza mke wangu, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba anagawa mali bure. Hakuacha kukanda.

"Moto umeshalipwa na mkate," alisema. "Unataka ulipwe mara mbili?"

Nikaenda kukaa kibarazani kama baba.

Sasa nawaleta kwenye shida. Mji ulikua, halmashauri ikapima majengo upya, na nyumba ya Sajenti, yenye matofali na kibaraza chake, ikapandishwa daraja. Kodi ikapanda kama mtoto anayekua usiku. Wakati huohuo unga ulikuwa unakuja leo, mwezi ujao hauji. Sukari na chumvi tulizitafuta kama watu wanaotafuta ndugu waliopotea. Deni la mwaka mmoja likalala juu ya deni la mwaka mwingine. Likaja onyo. Likaja la pili, lenye maneno machache zaidi, na ninyi mnajua kwamba serikali ikipunguza maneno, ujue imekasirika.

Halafu akaja bwana mmoja mwenye gari la kijani. Sitamtaja. Alikuwa na cheo, na katika miaka ile cheo kilikuwa na miguu mirefu. Alisimama barabarani, akakitazama kibaraza chetu jinsi mtu anavyomtazama mchumba. Akapanda, akakipima kwa hatua zake. Akaniuliza kwa upole kama ni kweli nina shida na halmashauri. Kisha akaondoka bila kununua hata mkate.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kama nyumba ingetoka mkononi mwangu, haingeuzwa kwa mnada watu wakashindana. Ingehamia tu kwa mwenye gari. Mama yangu huko Midia alikuwa anakula kutoka nyumba ile. Watoto wa dada zangu walikuwa wanasoma kutoka nyumba ile. Na baba yangu, miaka yake yote ilikuwa imesimama pale, imepakwa chokaa. Ndugu zangu, niliomba! Lakini niliomba kama mtu wa chuo: nilimweleza Mungu hali ya uchumi wa nchi, nikampa mapendekezo.

Nikaenda ofisi ya halmashauri kumwona mweka hazina, Bwana Candia, mtu mwembamba, mkimya, ambaye alikuwa anasifika kwa kutokula chochote katika nyumba ya mtu anayedaiwa. Nilijitayarisha kwa hotuba. Alinisikiliza mpaka mwisho, nadhani ndiye mtu wa kwanza kufanya hivyo, kisha akasema kuwa ziko biashara ambazo halmashauri huzipunguzia kodi zinapobanwa. Kamati itakuja kuona hali ya biashara yangu, na itaamua hapohapo. Akanitajia siku. Nikatoka nikiwa nimepata tumaini, na tumaini katika kichwa changu ni kitu cha hatari.

Maana nilijiuliza: watakuja kuona nini? Nikajijibu mwenyewe: watakuja kuona umaskini.

Rafiki yangu Wani, muuza vipuri vya baiskeli wa jirani, alinithibitishia. Ninyi wafanyabiashara mliomo humu mnajua tulivyojifunza kuishi katika miaka ile. Duka lilifunguliwa mlango nusu. Mbele unaweka maganda ya viberiti na kopo tupu. Kilicho cha maana kiko nyuma, chini ya kitanda, chini ya mama mkwe mgonjwa. Mwenye kitu alijifanya hana, na asiyekuwa nacho hakuwa na haja ya kujifanya. Wani alikuwa bingwa wa nusu mlango. Hata salamu alikuwa anakupa nusu. Aliniambia: siku wanayokuja, duka liwe limekufa kabisa. Wakiona moto, watasema huyu ana kuni. Wakiona mkate, watasema huyu ana unga. Wakiona wateja, basi umekwisha. Nikaona hekima yake ni kubwa kuliko insha yangu.

Nilimweleza Driciru mpango huo jioni moja. Akaniuliza siku yenyewe ni ipi, nikamwambia. Basi akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Umechagua siku," alisema tu. Na asubuhi ya siku hiyo akabeba gunia, akaenda zake sokoni Inde kutafuta mihogo mikavu, akisema yeye hawezi kuigiza njaa mbele ya watu waliokula mkate wake.

Nami sikuuliza alichekea nini. Ndugu zangu, mwezi mzima majirani zangu walikuwa wamefunga. Mwezi mzima nilisikia mtaa ukiamka kula daku. Mwezi mzima wateja wangu walikuwa wananunua mkate jioni badala ya asubuhi, na mimi mwanauchumi nilikuwa nimesema moyoni kwamba soko limebadilika. Haikunijia hata kidogo kutazama ni lini mwezi utaandama.

Basi nikaua duka. Nilichukua bango lenye jina langu nikaligeuza uso ukutani. Nilitundika magunia mlangoni. Nilivaa suruali ambayo Driciru alikuwa amekwisha kuitenga kwa kupangusia sakafu. Kisha nikaenda nyuma, nikayatoa makaa, na kwa kuwa joto lilikuwa bado linanisaliti, nikalimwagia tanuri maji. Lilipiga kelele, kisha likatoa mvuke mwingi. Nilisikia ndani yake mlio, kama mtu anayevunja kijiti. Nikakumbuka neno la Mhindi. Lakini wakati huo walikuwa wameshafika mbele ya nyumba.

Bwana Candia alikuja na diwani mmoja mnene na askari wa halmashauri aliyebeba kamba ya kupimia. Niliwapokea kibarazani nikiwa nimeinama kidogo. Sikusema uongo, ndugu zangu, niliugua tu. Waliponiuliza habari ya unga, niliugua. Waliponiuliza habari ya kuni, niliugua kwa sauti nyingine. Niliwaonyesha rafu tupu. Niliwapeleka nyuma, wakaligusa tanuri. Bwana Candia aliweka kiganja chake pale, akakiacha kwa muda, kama daktari aliyechelewa.

"Kwa hiyo hapa hapafanyi kazi tena," alisema.

Nikatikisa kichwa kwa huzuni ambayo hata mimi iliniridhisha.

Nikaona uso wake haukulainika. Ulifungwa. Akageuka kwa diwani, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba basi jambo hili si la kupunguza kodi. Jengo lenye deni na lisilotumika, halmashauri hailipunguzii kitu. Hulitafutia mtu wa kulitumia. Na mtu, akasema bila kunitazama, amekwisha kupeleka ombi.

Ndugu zangu! Damu yangu ilishuka mpaka kwenye viatu, na viatu nilikuwa nimevivua ili nionekane maskini. Nilitaka kusema kwamba duka liko hai, kwamba jana tu nimeoka. Lakini ningesemaje? Nilikuwa nimesimama pale na suruali ya sakafu, kando ya tanuri nililoliua kwa mikono yangu, na kila ushahidi katika nyumba ile nilikuwa nimeupanga mimi dhidi yangu. Nilifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakikutoka kitu. Ndani yangu niliomba ombi fupi ambalo halikuwa na pendekezo lolote. Nilisema, Bwana, nimeliharibu.

Na mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Aliyeingia ni Mama Hawa. Ninyi wa Koboko mnaowajua Wanubi wa Arua mtamjua: mjane wa askari, mrefu, sauti yake inafika Inde bila kupanda gari. Kichwani alikuwa na sinia kubwa limefunikwa kwa kawa aliyoisuka mwenyewe, yenye rangi zote zilizopo duniani. Aliona magunia. Aliniona na suruali yangu. Akalishusha sinia polepole, akajifunga vizuri ushungi, akanishika mkono.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nani alikufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa.

"Iko matanga hapa. Gunia kwa mlango, wewe iko bila kiatu. Driciru iko wapi? Driciru alikufa?"

Nikamwambia Driciru yuko Inde sokoni, mzima. Basi akauacha mkono wangu, akalikaribia tanuri, akaligusa, akaona maji. Akageuka. Na nyuma yake mlangoni walikuwa wanaingia wengine, sinia juu ya sinia, kawa juu ya kawa, foleni iliyotokeza mpaka barabarani, kwa sababu kesho yake, ndugu zangu, ilikuwa Idi.

"Wee Profesa," alisema Mama Hawa, "unazima moto siku ya leo? Mwezi muzima sisi iko na njaa, tunangoja hii siku moja, na wewe unamwaga maji?"

Bwana Candia akakohoa. Akamuuliza kwa adabu, kama anavyopaswa mtu kumuuliza mwanamke wa umri ule, yeye hulipa kiasi gani kuoka hapa.

"Kulipa?" Alimtazama kutoka juu mpaka kwenye viatu. "Wewe iko mutu ya kodi, kila kitu kwako ni kulipa. Hii moto iko ya jirani. Mshahara ya watoto yetu kwa kambi ya askari inachelewa, mkate tunachukua hapa kwa mdomo tu, mwisho ya mwezi tunalipa. Mutu anakufa, mkate ya matanga inatoka hapa. Kama hii tanuri inafungwa, sisi tunaoka kwa kichwa yako?"

Wanawake walicheka, na diwani naye, ingawa alijaribu kugeuza kicheko kiwe kikohozi. Mama mmoja wa kanisa letu, aliyeleta karanga zake, akaongeza habari ya keki ya binti yake. Mwingine akaeleza jinsi Driciru alivyowapelekea mkate kina mama waliojifungua. Walisema wote kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya Arua. Mimi nilisimama kati yao nikisikia habari za biashara nisiyoijua, na biashara hiyo ilikuwa yangu.

Diwani, ambaye nadhani alitaka kuwa mwema, akawaambia wasihuzunike: kuna bwana mwenye cheo anayeitaka nyumba, labda naye ataacha mlango wazi. Akataja gari la kijani.

Mama Hawa akauliza taratibu, "Yule? Yule mutoto ya dada yangu?"

Diwani akaitikia kwa kichwa.

"Nilimuogesha kwa karai," alisema. "Basi. Kesho anakuja kwangu kula Idi. Sisi tutazungumza."

Na hapohapo, bila kumuuliza mtu, akamwamuru yule askari wa halmashauri aweke kamba yake chini alete kuni. Askari akaleta. Kisha sikilizeni wanawake walivyofanya. Kiberiti mjini kilikuwa adimu, na tanuri lilikuwa limeloa. Kila mmoja akaenda nyumbani kwake, akarudi na makaa kutoka jiko lake, mmoja kwenye kigae, mwingine kwenye kifuniko cha sufuria, mwingine kwenye jembe bovu. Makaa ya Mwislamu, makaa ya Mkristo, makaa ya mke wa askari, makaa ya mchuuzi wa tumbaku. Waliyamimina ndani ya tanuri la Sajenti Lemi kama watu wanaotoa sadaka. Walipuliza. Moshi ukatoka, sote tukalia machozi, na mimi nashukuru kwa moshi ule, kwa sababu haukuacha mtu ajue nani analia kwa lipi.

Mama Hawa hakukubali waharakishe. Aliwaambia moto uende polepole, tanuri ni kama mutu mgonjwa. Kumbe naye Mhindi alikuwa amemwambia.

Bwana Candia hakuondoka. Alimruhusu diwani aende, yeye akageuza debe tupu la mafuta, akaketi. Mchana ukasogea. Driciru alirudi kutoka Inde na gunia lake kichwani, akawakuta wanawake, moto, mtu wa kodi juu ya debe, na mumewe anabeba kuni bila viatu. Hakuuliza neno. Alitua gunia, akageuza lile bango likatazama barabara, akaanza kupanga masinia.

Biskuti za kwanza zilipotoka, Mama Hawa alimpelekea Bwana Candia kwenye sahani. Sote tuliacha kazi, maana tulizijua sifa zake: hali kitu kwa mdaiwa. Aliitazama sahani. Akasema kwamba biskuti hii si ya mdaiwa, ni ya Mama Hawa, na akala. Akala na ya pili.

Halafu akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka hapa mbele yenu.

"Profesa, ungenionyesha umaskini tu, nisingeweza kukusaidia. Wote ni maskini. Sisi tunapunguzia kitu ambacho mji hauwezi kukikosa. Kwa nini ulinificha?"

Ndugu zangu, hilo ndilo swali. Na sikumjibu siku ile.

Kamati ilipunguza kodi. Deni la nyuma waliligawa vipande vipande tuweze kulimeza, na sehemu yake wakakubali ilipwe kwa mkate wa kila asubuhi kwa wodi ya kina mama waliojifungua, mkate ambao Driciru alikuwa akiwapelekea tangu zamani bila kuniambia. Bwana mwenye gari la kijani alikuja siku ya pili ya Idi. Nilisimama kibarazani nikamngoja. Alinunua mikate mingi, akalipa taslimu, akasema mama yake mdogo, kwa maana ya Mama Hawa, ananisalimu. Alipita kibarazani bila kukipima. Hakurudi tena kwa jambo hilo.

Sasa Mchungaji, najua kujivuna kuna mipaka yake katika nyumba hii. Lakini niruhusu kwa leo. Najivunia mji ule. Watu wa mbali wanapozisema Arua na Koboko wanasema habari moja tu, ya bunduki. Mimi nimeona wanawake wake wakibeba moto kwenye vigae kwenda kuokoa nyumba ya mtu aliyekuwa anawaficha. Najivunia mke wangu, ambaye alijenga ngome nyuma ya nyumba yangu kwa kuacha mlango wazi, huku mimi nikimhesabia hasara. Najivunia baba yangu, aliyeoa nyumba isiyokimbia. Na kusema kweli, najivunia hata kodi: ninapokwenda kuilipa navaa koti. Bwana Candia husimama, tunasalimiana, na habari za insha yangu hatuzitaji.

Wani, rafiki yangu wa vipuri, aliyaona yote kupitia nusu ya mlango wake. Sikumwambia kitu. Baada ya Idi alifungua na nusu ya pili. Anadai ni kwa sababu ya joto.

Tanuri lilipasuka, ndiyo. Mlio niliousikia ulikuwa kweli. Juu ya mgongo wake kuna ufa tuliouziba kwa udongo, lakini moto hupenya kidogo pale, na mikate inayokaa chini ya ufa huo hutoka imeungua upande mmoja. Driciru huitenga. Wateja wakimuuliza mbona mikate hii ni myeusi, anawaambia, "Hapo ndipo chuo kikuu kilipopita." Wanacheka, wanainunua kwa bei ndogo, na wako wanaoipenda kuliko ile mingine.

Swali la Bwana Candia nalijibu leo, mbele ya Mungu na mbele yenu. Nilimficha kwa sababu nilidhani msaada hupewa mtu aliyezima kila kitu. Nilidhani hata Mungu ananitaka na suruali ya sakafu, nikiugua. Naye alikuwa amekwisha kunisaidia siku nyingi, kwa mlango wa nyuma, kwa sinia moja baada ya jingine, na sikuwa nimewahi kugeuka kutazama.

Basi wewe ndugu uliyeketi hapa na deni lako, na onyo la pili mfukoni, na mtu anayekipima kibaraza chako kwa macho: usizime moto. Wafungulie jirani zako wakuone. Mtumaini Bwana, ambaye hachoki kutuma watu, na usishangae akiwatuma wale ambao hukuwaweka katika maombi yako. Mimi nilimwomba malaika, akanipa Mama Hawa, na kati ya wawili hao najua nani angemweza yule bwana mwenye gari.

Asante, Yesu. Asante, mama zangu. Mkifika Arua, nyumba ya Sajenti iko barabarani, ina kibaraza, bango limetazama mbele. Msigonge mbele. Piteni nyuma na masinia yenu. Mlango uko wazi, na moto umeshalipwa.